Hekalu la Senso-ji: Je, Kuna Ukale wa Kuuona?

SWALI: Mhariri, mimi ni mkulima wa mpunga hapa Moshi na natarajia kwenda Japani kwa mafunzo ya umwagiliaji, ambapo nitapata siku moja ya mapumziko jijini Tokyo. Nimeshauriwa kulitembelea hekalu la Kibudha la Senso-ji, lakini nasikia jengo lake ni la mwaka 1958. Je, kuna ukale wowote pale? Na kwa kuwa mimi ni Mkristo, niingie vipi bila kuwakwaza wenyeji?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, nenda. Ni kweli kwamba ukumbi mkuu uliteketea katika shambulio la mabomu la Machi 10, 1945, na huu wa sasa ulikamilika mwaka 1958, lakini ibada ya mahali hapo ina umri mkubwa kuliko jengo. Mapokeo yanasimulia kwamba mwaka 628 wavuvi wawili, mtu na ndugu yake, walinasa katika Mto Sumida sanamu ya Kannon, mtukufu wa Kibudha anayeheshimiwa kwa huruma yake, na mkuu wa kijiji akaigeuza nyumba yake kuwa mahali pa kumwabudia. Sanamu hiyo huwa imefichwa, kwa hiyo usiitafute. Ukitaka ukale wa kuugusa kwa macho, elekea mashariki ya ukumbi, ulipo mlango wa Nitenmon wa mwaka 1618 na, karibu yake, Asakusa Jinja ya mwaka 1649, mahali pa ibada ya Kishinto, dini ya asili ya Wajapani, panapowaenzi watu wale watatu. Vyote viwili vilinusurika moto ule. Inasikitisha kwamba wageni wengi huishia kupiga picha chini ya fanusi kubwa jekundu la Kaminarimon, lango la mbele la kuingilia hekaluni.

Hakuna kiingilio, wala hutaulizwa dini yako. Mbele ya ukumbi kuna chetezo kikubwa ambacho waumini hujipungia moshi wake wakiomba afya. Waweza kusimama kando kwa utulivu, bila kuwapiga picha wanaosali. Kupiga makofi ni desturi ya Kishinto, hivyo hekaluni usipige.

Fika asubuhi, kabla maduka ya Nakamise, njia iendayo hekaluni, hayajafunguliwa na njia hiyo kujaa watu. Ukinunua kitafunwa baadaye, ukile papo hapo mbele ya duka, kwani kula huku ukitembea hakupendezi pale. Kisha tembea magharibi hadi mtaa wa Kappabashi, ambako visu na vyombo vya jikoni huuzwa kwa wenye mikahawa na kwa yeyote mwingine, isipokuwa Jumapili, siku ambayo maduka mengi hufungwa.