Re: Zile nguzo za mawe za Ireland alizijenga nani?

Mkuu, umeuliza kama zile nguzo za mawe za pwani zilichongwa na watu, na kama ziko Ireland au Uingereza. Giant's Causeway iko County Antrim, Ireland ya Kaskazini: kisiwa ni Ireland, utawala ni wa Uingereza. Na hakuna mtu aliyezichonga.

Ni kama nguzo 40,000, nyingi za pande sita. Mamilioni ya miaka iliyopita lava ilimwagika pale, ikapoa taratibu, ikasinyaa na kupasuka. Umeshaona tope la bwawa lililokauka kiangazi? Ndiyo hivyo hivyo, ila hapa nyufa zilishuka chini mpaka zikaacha nguzo.

Wenyeji wana yao. Jitu Fionn mac Cumhaill alijenga njia juu ya bahari akapigane na Benandonner wa Scotland. Alipoona mwenzake ni pande la mtu kumzidi, akatimua mbio hadi nyumbani. Mkewe, Oonagh, akamvisha nguo za kichanga na kumlaza kitandani. Benandonner kuingia, akamwona "mtoto", akajiuliza: kama mwana ndiye huyu, baba yake je? Akatoka nduki, akiibomoa njia nyuma yake. (Mimi naona shujaa hapa ni mama.)

Utamu sasa: kisiwani Staffa, Scotland, kuna nguzo za namna hiyohiyo kwenye Fingal's Cave, na Fingal ni Fionn huyohuyo. Waliosimulia hawakuwa wanaokoteza tu.