Ni "ultrasaundi ya mwanga" au "ultrasaundi kwa mwanga"?

SWALI: Naandika makala fupi kuhusu teknolojia ya kupata picha za ultrasaundi kwa kutumia leza. Sentensi yangu ya kwanza inasema: "Ultrasaundi ya mwanga inapiga mionzi kwenye tishu hai halafu inasikiliza mwangwi wa sauti ya juu." Mwenzangu kasoma akasema imekaa vibaya, hasa hapo kwenye "ya mwanga", ila hakunieleza kwa nini. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, ila angekupa na sababu, manake kukosoa bila kueleza kunamwacha mtu pale pale alipokuwa.

Tuanze na hiyo "ya". Kwenye Kiswahili tunachosema kila siku, neno ultrasaundi likishafuatwa na -a unganifu msikilizaji anategemea atajiwe kinachopimwa: ultrasaundi ya tumbo, ya figo, ya moyo. Nafasi hiyo tayari ina mwenyewe. Sasa ukimletea "ultrasaundi ya mwanga" akili yake inaenda kule kule, anaona mwanga ndo umelazwa kitandani unapimwa. Mwanga hapa ni kifaa cha kufanyia kazi, na kifaa kinataka "kwa": tunaandika kwa kalamu, tunakata kwa kisu, kwa hiyo picha za ultrasaundi zinazopigwa kwa mwanga. Ni ndefu kidogo, najua, ila haimpotezi mtu.

Kuna atakayeniuliza, mbona tunasema jiko la gesi na taa ya umeme na hakuna anayedhani gesi inapikwa? Swali zuri, na ndo maana sikatai "ultrasaundi ya leza" kwenye kichwa cha habari. Leza ni kitu kinachoshikika, ni mashine, hakuna mgonjwa aliyewahi kwenda kupimwa leza yake, kwa hiyo utata haupo. Mwanga ni neno pana mno kubeba mzigo huo peke yake.

Tatizo la pili kwangu mimi ni kubwa kuliko la kwanza, nalo ni nani anafanya nini kwenye hiyo sentensi. Umeandika ultrasaundi "inapiga mionzi". Hapana. Leza ndo inamulika, tishu au ngozi ndo inatetema, na ultrasaundi ni sauti inayozaliwa na huo mtetemo. Na hapa lazima ujue unaongelea njia ipi kati ya mbili, kwa sababu vitenzi vyake havifanani hata kidogo.

Njia ya kwanza wataalamu wanaiita fotoakustiki. Chanzo chake ni cha zamani, mwaka 1880 Alexander Graham Bell aligundua kwamba mwanga ukikatwakatwa harakaharaka ukaangukia kwenye kitu, kitu chenyewe kinatoa sauti. Kwenye mwili wanamulika mimweko mifupi mno ya leza, ya nanosekunde tu, yani sehemu za bilioni za sekunde, damu inafyonza ule mwanga, inapata joto kidogo sana, inatanuka ghafla, na kule kutanuka ndo kunatoa mawimbi ya sauti ambayo kifaa kilichowekwa juu ya ngozi kinayapokea. Uzuri wake ni kwamba damu yenye oksijeni nyingi na ile yenye kidogo hazifyonzi rangi za mwanga kwa kiasi kimoja, kwa hiyo picha haionyeshi mshipa ulipo tu, inasema na hali ya damu iliyomo. Sasa angalia neno lako "mwangwi". Mwangwi ni sauti iliyokwenda, ikagonga mahali, ikarudi. Huku hakuna sauti iliyokwenda! Umekwenda mwanga, ikatoka sauti. Ukiandika mwangwi kwenye fotoakustiki umekosea fizikia pamoja na Kiswahili.

Njia ya pili ndo nadhani unayoiandikia. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha picha za mikono ya watu waliojitolea, walizozipata bila kugusa ngozi na bila ile jeli. Walitumia leza mbili. Ya kwanza, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550, inafyonzwa na maji ya kwenye ngozi, ngozi inatanuka na kusinyaa, hapo ngozi yenyewe inakuwa spika, sauti inashuka ndani, inagonga misuli, mafuta na mfupa, inarudi juu. Leza ya pili inasoma jinsi uso wa ngozi unavyotetema sauti inaporudi. Yote haya kutoka umbali wa kama nusu mita, na picha zikaenda kina cha sentimita 6 hivi. Hapa mwangwi ni neno halali kabisa na ulitumie bila woga.

Nimesema inatetema, sijasema inatetemeka, na usizichanganye. Kutetemeka kunamfanya msomaji awaze mtu mwenye baridi au hofu. Ngozi iliyomulikwa leza haiogopi chochote.

Kuhusu "mionzi", kisarufi haina kosa, tunasema mionzi ya jua kila siku. Ila neno hilo likiingia hospitali linabadilika sura, msomaji anawaza eksirei na matibabu ya saratani, na wewe unaandika kuhusu kitu ambacho sifa yake mojawapo ni kutokuwa na mionzi ya aina hiyo. Andika "mwanga wa leza" na kitenzi kiwe kumulika. Kupiga ubakize kwenye picha, hapo ndo kwake.

Halafu "sauti ya juu". Mtu akikwambia sauti iko juu unapunguza redio, siyo? Ultrasaundi haina kelele yoyote, iko juu kwa maana kwamba inatetema mara nyingi mno kwa sekunde: sikio la binadamu linaishia kama hezi 20,000, mashine za hospitali nyingi zinafanya kazi kwenye hezi milioni 2 mpaka 15. Sema "sauti ya masafa ya juu". Na iwe ya juu kweli, usije ukaandika "masafa marefu" maana hapo msomaji ataona umbali, au kombora.

"Tishu hai" iko sawa, iache. Kwa wingi inabaki tishu, hayo "matishu" nayoyaona siku hizi siyapendi.

Kwa hiyo sentensi yako ningeiweka hivi: "Leza inamulika ngozi na kuitetemesha, sauti ya masafa ya juu inaingia ndani ya tishu, na leza ya pili inausoma mwangwi wake unaporudi kwenye ngozi." Kama unaona ni ndefu ikate katikati, ila usirudishe "ya mwanga".