Ramadhani mbili bila deni

Assalaam alaykum mhariri na wasomaji wenzangu. Wiki hii mmeuliza, "Kocha kumpima mchezaji uzito mbele ya wenzake, kunamjenga au kunamvunja?" Mie nasema kunamvunja, tena nasema hivi mana nimepimwa hivyo misimu miwili nikicheza senta kwenye timu ya ligi kuu ya mpira wa pete hapa Unguja.

Asojua senta, huyo ndo anaekwenda kote uwanjani isipokuwa kwenye zile nusu duara za kufungia, mechi ni robo nne za dakika 15, kwa ivo senta akikata pumzi timu nzima inaonekana imekata. Mwalimu wetu alileta mizani ya kukanyaga akaiweka barazani, kila Jumamosi kabla ya mazoezi tunapanga foleni, unapanda, unasoma kwa sauti na mwengine anaandika kwenye daftari, alieongezeka anakimbia raundi za ziada. Siku ya kwanza nlipopanda mie akasema "senta gani huyu kanona". Kwetu anaenona ni mbuzi wa Idi, si mtu. Wenzangu wakacheka na mie nkacheka nao, alafu usiku sikula. Kilo zangu sizitaji hapa, mana najua yupo msichana atasoma hii na ataanza kujilinganisha.

Sasa mtu atauliza mtu anaachaje kula nyumba ya Kizanzibari ambayo watu wote mnakaa sinia moja na mkono wako usipoonekana unaulizwa. Nlikuwa nakaa kwa mamdogo wangu Mwanakwerekwe, nkaanza kufunga sunna Jumatatu na Alhamisi, alafu nkawa naongeza siku, na jioni nagusa futari kidogo nasema nimeshiba. Nani atamwambia mtoto wa kike asifunge? Nlikuwa nasifiwa mashallah mtoto katulia na dini yake. Najua uzito wa hili ninalolisema, funga ni ibada na nia ndo kila kitu, na nia yangu mie wakati ule ilikuwa mizani ya Jumamosi. Nimetubu na naomba Mwenyezi Mungu anisamehe, lakini naliandika kwa sababu naamini siko peke yangu na hakuna anaelisema.

Mizani ikashuka, nkasifiwa na mwalimu mbele za watu. Hapo ndo ugonjwa ukanikamata barabara, mana sasa kuna kitu cha kupoteza, mechi mbili tatu nlicheza vizuri kweli na kila mtu akasema unaona? Baadae miguu ikawa mizito, nasikia baridi Januari hii ya kwetu ya kaskazi, nywele zinatoka na kitana, nagombana na mashoga zangu kwa kitu kidogo. Na hedhi ikakata.

Sikumwambia mtu. Wanawake wa huku mnaelewa, msichana hajaolewa akisema hazioni siku zake kuna swali moja tu ataulizwa, na hata akijibu hapana jicho litabaki tumboni kwake. Kwa ivo nkanyamaza, na buibui likanisitiri, mana hata uwanjani tunavaa suruali na mikono mirefu, hakuna alieona mwili unavyokwisha.

Aliegundua ni mama, na hakugundua kwa kuniangalia. Nlikwenda kwetu Chake, Pemba, kumalizia Ramadhani, siku ya Idi pili tukiwa jikoni akaniuliza pole pole, mwanangu mwaka huu unadaiwa siku ngapi? Nkamwambia sidaiwi. Akasema na mwaka jana ulinambia hudaiwi. Siku za hedhi mwanamke hafungi, anadaiwa azilipe baadae, kwa ivo alie mzima hafungi thelathini kamili miaka miwili mfululizo, mama alihesabu hilo kichwani na mie nlikuwa sijafikiria hata siku moja kwamba deni la Ramadhani linaweza kunitoa siri. Alilia, mana na yeye alidhani kile wanachodhani wote. Kesho yake tukaenda hospitali, kipimo cha mimba kikasema hakuna, alafu daktari mwanamke akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu kwenye timu alieniuliza misimu miwili: kwa siku unakula nini, na unakimbia kiasi gani? Nkamwambia na muundi unaniuma, nlikuwa naukanda kwa mafuta ya karafuu miezi. Picha ikaonyesha mfupa una ufa.

Alivyonieleza ndo ilivyonikaa mpaka leo. Chakula unachokula, mazoezi yanachukua chao kwanza, kinachobaki ndo cha moyo, damu, mifupa, joto la mwili na uzazi. Kikibaki kidogo mwili unaanza kuzima vitu, na uzazi unazimwa mapema mana mwili unaona huu si wakati wa kubeba mtoto. Homoni zikishuka na mifupa inakosa ulinzi, ndo msichana wa miaka ishirini anapata ufa kwa kukimbia tu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa waraka juu ya upungufu huu wa nishati kwa wanamichezo mwaka 2014 na ikaufanya upya 2023, na wamesema wazi kuwa hata wanaume wanapata. Zamani ilikuwa inasemwa kama jambo la wanawake peke yao.

Na si jambo la wakimbiaji wa mbio ndefu na wasichana wa jimnastiki tu, hili watu wa mpira wa pete na mpira wa miguu tunajidanganya nalo sana. Kuna utafiti wa Norwei ulotoka 2004, waliwaangalia wanamichezo wa juu 1,620, wake kwa waume, wakakuta asilimia 13.5 wana maradhi ya kula, na kwa watu wa kawaida 4.6. Wanawake wa michezo ya umbo kama jimnastiki walifika asilimia 42, kweli ni kubwa, lakini wanawake wa michezo ya mpira walikuwa 16 na wanaume wa mpira 5. Asilimia 16 kwenye kikosi cha watu kumi na mbili ni kama wawili. Wawili hao wako kwenye foleni ya mizani na hujui ni nani, mana si lazima awe mwembamba. Andrew Flintoff, mchezaji kriketi wa Uingereza, mtu wa miraba minne, mwaka 2020 alieleza kwenye televisheni ya BBC kwamba alikuwa akijitapisha miaka mingi na ilianza wakati anasemwa unene. Nani angemtazama akasema huyu ana shida ya kula?

Timu ina mambo yake ambayo mkimbiaji wa peke yake hana. Namba yako ina mtu benchi anaingoja. Mzaha wa mmoja unakuwa wa wote, na jina la utani halifutiki. Alafu mtu akianza kuacha kula wenzake wanamuiga, kwetu walikuwa watatu mwisho wa msimu wa pili, mmoja kipa kabisa ambae hakuwa na haja yoyote ya kupungua.

Mwalimu simchukii, nadhani na yeye alipimwa hivyo hivyo zamani. Lakini kama uzito unahitajika basi upimwe na daktari, chumbani, mtu mmoja mmoja, na mtoto chini ya miaka 18 asipandishwe mizani kabisa mpaka daktari aseme. Na kila timu ya wasichana iwe na mwanamke mmoja anaeaminika, mtu kama somo, yule mwanamke anaemfunda msichana mambo ya kike, wa kuuliza habari za hedhi bila ya kumshuku mtu.

Kupona kulinichukua zaidi ya mwaka, ligi sikurudi. Sasa Jumamosi nasaidia wasichana wa skuli moja jirani na kwetu, daftari ninalo na mie lakini naandika nani kanywa chai na kula kabla hajaja, asokula kuna uji na vitumbua anakula kwanza, alafu ndo anavaa raba.

Mama anapiga simu kila wiki kutoka Chake na swali lake ni lile lile. Ramadhani ilopita nadaiwa siku sita, nshalipa mbili.