Gari Jeusi Limepigwa Polishi, Ukungu Umetoka Wapi?

Nimenunua Toyota nyeusi iliyotumika, nikampa fundi aipige polishi. Jioni ile iling'aa kama kioo. Imeoshwa mara mbili tu, sasa juani naona miduara kama utando wa buibui na ukungu wa kijivu. Polishi ilikuwa feki? (Tabata, Dar es Salaam)

Sidhani. Dalili zako zinaonyesha kazi iliachwa nusu. Kampaundi, ile polishi kali ya hatua ya kwanza, huondoa mikwaruzo mikubwa kwa kuacha midogo sana, tena mingi, hasa ikipigwa kwa pedi ya sufu. Hiyo midogo ndiyo ukungu wako. Hukuiona siku ya kwanza kwa sababu mafuta ya kampaundi yalikuwa yameijaza. Sabuni imeyatoa, ukweli ukabaki. Gari jeupe lingeificha, maana rangi yenyewe inarudisha mwanga. Nyeusi inaumeza mwanga, hivyo kila ukwaruzo unaomeremeta unaonekana.

Dawa yake ni hatua ya pili: pedi laini ya sponji, safi, na polishi ya kumalizia. Kabla ya kumlipa fundi, mwombe afute sehemu moja kwa isopropili alkoholi iliyochanganywa na maji, moja kwa tatu, kisha mmulike wote wawili kwa tochi ya simu. Unachokiona hapo ndicho utakachokaa nacho.

Jambo jingine: tazama namba ya rangi kwenye kibao cha gari, chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango. Ikiwa ni 202, hiyo ni nyeusi ya Toyota inayojulikana kwa ulaini. Kitambaa kikavu tu kinaichora. Kwa rangi kama hiyo mimi huanza na polishi laini kabisa na kupanda taratibu ikishindwa. Naona mafundi wengi wanaanza na kali, na inaniuma, kwa sababu klia, lile tabaka angavu linalofunika rangi, ikikatwa hairudi.

Fundi wetu anafunga sponji kwenye grenda. Kuna ubaya? (Nakuru)

Upo, na nakusihi usimruhusu. Grenda nyingi ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi ya mzunguko hufanya kazi kati ya 600 na 3,000 hivi. Kwa kasi ya grenda joto linapanda mara moja, na klia ya kiwandani kwa kawaida ni maikroni 40 au 50 tu, nyembamba kuliko unywele. Kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti ndiko inakotoboka kwanza, na ikitoboka ni kupaka rangi upya. Afadhali mashine inayozunguka huku ikiyumba: haiachi ile michirizi ya upinde inayotembea na jua.

Nina hiyo mashine ya kuyumba, lakini ukungu bado unabaki. (Morogoro)

Anza na pedi. Ikishiba polishi kuukuu na klia iliyokatwa, inakwangua badala ya kulainisha. Isugue kwa brashi kila unapomaliza sehemu, na uwe na pedi tatu au nne za kubadilisha. Kisha gusa bati kwa kiganja: likiwa na joto, subiri au hamia kivulini, kwa kuwa polishi ikikauka kabla ya kazi kuisha huacha utando.

Weka matone manne madogo, fanya eneo la sentimita 50 kwa 50, usogeze mashine polepole, kama sentimita 3 kwa sekunde. Pita mara nne au tano, na mizunguko ya mwisho uiache mashine ielee kwa uzito wake bila kuikandamiza. Futa kwa taulo la maikrofaiba lisilo na lebo wala mshono mgumu.

Jaribu eneo moja kwanza, lichunguze juani, ndipo uendelee na gari zima.

Mikwaruzo inarudi kila mwezi. (Mombasa)

Basi tazama anayeosha. Kitambaa kilichofuta rimu kikipanda kwenye boneti, mchanga wake unachora. Vumbi kavu lisifutwe kamwe. Limwagiwe maji kwanza hadi mchanga uteremke. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na moja ya kusuuzia glavu ya kuoshea, uanze juu ushuke chini. Maji yenu yakiwa na chumvi, kausha upesi, yasiachie madoa.

Dizeli inang'arisha nyeusi, kweli? (Mwanza)

Inalowesha tu. Vumbi litaganda juu yake, na siku ya kulifuta utachora upya. Paka waksi.

Kuna mstari mlangoni, ukucha unanasa. Nipige kampaundi mpaka utoke? (Tabora)

Usijaribu. Ukucha ukinasa, mara nyingi mstari umeshazama mno. Ukiufuata utamaliza klia ya pembeni yake. Lainisha kingo zake kwa polishi ili usimeremete sana, au mpelekee fundi rangi aujaze kwa brashi ndogo.