Kuchagua mbegu ya mahindi ya kuvumilia ukame, Makunduchi

Mkuu, umeuliza kwa nini mbegu unayobakiza huko uwandani (ardhi ya mawe) Makunduchi, Unguja, inazidi kushindwa na jua ingawa huchagua mahindi makubwa. Tatizo ndilo hilo: hindi kubwa mara nyingi limebahatika tu kuota penye udongo mwingi kati ya mawe. Chagua mimea ikiwa shambani. Gawa shamba vipande vya mita 5 kwa 5, ili ulinganishe mimea ya udongo unaofanana. Kila kipande chagua mashina matano bora, siyo ya pembeni mwa shamba. Ili kuyajua, funga kitambaa shina ambalo ndevu za hindi zimetoka ndani ya siku 3 baada ya mbelewele (ua dume la juu ya shina) kumwaga chavua. Zikichelewa, hindi linakuwa na mapengo. Changanya mbegu za mahindi yasiyopungua 100, la sivyo uzao unadhoofika. Mbegu chotara (iliyotokana na kuchanganya aina tofauti) usianze nayo, msimu wa pili uzao wake utagawanyika, mimea haitafanana.