Pua ya mama na kichwa cha tembo

Wiki iliyopita mlituuliza wasomaji: je, hadithi za kale za Kihindu, zenye magari ya angani, silaha za moto na mtoto aliyewekewa kichwa cha tembo, zinathibitisha kwamba Wahindi wa zamani walikuwa na sayansi ya hali ya juu? Swali limenigusa pabaya. Kuhusu silaha sina la kusema. Mimi nitasema juu ya pua.

Mwaka 2017 mama yangu alitokwa na kidonda pembeni mwa pua. Kwetu Ngamiani, Tanga, kila jirani ana dawa yake, tukapaka zote. Miezi minane baadaye tukaambiwa ni saratani ya ngozi. Yaliyofuata mnayajua: vikao vya ukoo, michango kwenye simu, shamba la minazi la marehemu babu likauzwa, tukapanda ndege kwenda hospitali Chennai, India.

Walipoitoa saratani walitoa na ubavu mzima wa pua. Kisha daktari akachukua ngozi ya paji la uso. Aliichanja pande zote isipokuwa shina lake karibu na nyusi, akaigeuza, akaishusha hadi puani na kuishona. Shina halikatwi siku hiyo, kwa kuwa damu inayoilisha ngozi ile bado inatoka juu, mpaka pua iote mishipa yake. Kwa hiyo wiki tatu nzima mama alikaa na kamba ya nyama iliyopita katikati ya macho yake. Mimi nilikuwa nimeficha kioo. Siku ya sita akaazima cha mgonjwa wa kitanda cha pili.

Hakulia. Alivuta mtandio mpaka machoni, akageukia ukutani. Siku mbili alikuwa anainuka kwa sala tu, na sala yenyewe alisali ameketi, kwa ishara, kwa sababu alikatazwa kuinama. Chakula alikirudisha. Alinong'ona mara moja tu: "Mwanangu, nirudishe nyumbani usiku, watu wasinione."

Palikuwa na nesi wa zamu ya usiku, mtu mzima wa rika la mama. Usiku wa pili akatoa kwenye mkoba picha ndogo ya Ganesha, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniambia nitafsiri. Akaeleza jinsi mungu wa kike Parvati alivyojifinyangia mtoto huyo na kumweka mlangoni alinde wakati yeye anaoga. Jinsi mumewe, mungu Shiva, alivyorudi, akazuiwa na mtoto asiyemjua, akamkata kichwa kwa hasira. Na jinsi kilivyotafutwa kichwa cha kiumbe wa kwanza atakayeonekana, akaonekana tembo. "Mwambie mama," akasema, "leo watu wakianza safari, biashara au ndoa, wanaanza kwa jina la huyo mwenye uso wa kuungwa."

Mama alikaa kimya. Kisha akauliza, bado kaelekea ukutani: "Na mama yake alimtambua?"

Nesi akajibu, alimtambua papo hapo. Mama akageuka, akashusha mtandio, akaomba uji.

Mama ni mtu wa sala tano na alifundisha madrasa miaka mingi. Aliipokea kama hekaya, kama tulivyopokea sisi za bibi. Lakini tangu usiku ule akawa anamsubiri nesi. Akahadithiwa gari la angani la Pushpaka, lililokuwa la mungu Kubera, likanyang'anywa na Ravana, mfalme wa mashetani, na mwishowe likawarudisha shujaa Rama na mkewe Sita kwao Ayodhya.

Asubuhi moja nikamwambia daktari, kwa nia ya kumsifu, kwamba kumbe kazi yake ilianza na Ganesha. Hakufurahi. Alivuta kiti. Akaniambia kuhusu Sushruta, mganga wa kale wa India, na kitabu chenye jina lake kinachokadiriwa kuwa na miaka 2,000 hivi, wengine husema zaidi. Mganga anachuma jani, analipima kwenye pua iliyokatwa, kisha anachonga nyama ya shavu kwa kipimo cha jani lile. Ikishika, anaingiza vijiti viwili vyenye tundu ili mgonjwa apumue, anafunika pamba, ananyunyiza mafuta ya ufuta. Wanafunzi wake walijifunza kukata kwenye maboga, matikiti na matango kabla ya kugusa mtu. Akaniambia pia habari za Cowasjee, mwendesha maksai wa jeshi la Waingereza, aliyekatwa pua na watu wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore aliyepigana na Waingereza. Karibu na mji wa Pune, India, akatengenezewa nyingine kwa ngozi ya paji la uso na mtu wa tabaka la wafyatua matofali. Gazeti la London lilichapa habari hiyo mwaka 1794, na miaka 20 baadaye mpasuaji Joseph Carpue akaufanya upasuaji huo Uingereza. Jina la yule wa Pune gazeti halikuliandika.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mwaka 2014 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwaambia madaktari mjini Mumbai kwamba lazima zama zile alikuwepo mpasuaji aliyeunga kichwa cha tembo. Januari 2015, kwenye Kongamano la Sayansi la India, ikasomwa mada iliyodai kwamba India ya kale ilikuwa na ndege. Kitabu kinachotegemewa kwa ndege hizo, Vaimanika Shastra, wataalamu wa Taasisi ya Sayansi ya India kule Bangalore walikichunguza mwaka 1974: ni cha mwanzoni mwa karne ya 20, na vyombo vilivyochorwa humo haviwezi kuruka. Kuing'ang'ania ndege hiyo ni kumdhulumu mwenye jani. Ni kumdhulumu mwanafalaki Aryabhata, aliyeandika mwaka 499 kwamba dunia inazunguka yenyewe, na mwanahesabu Brahmagupta aliyeweka kanuni za sifuri mwaka 628. Hao walihesabu, wakakosea, wakarudia. Miungu hairudii.

Nilikaa kuandika ili niseme hadithi hizi zibaki hekaluni. Sasa siwezi kusema hivyo kwa moyo mmoja. Ngozi aliishona daktari, lakini aliyemfanya mama akubali kuishi na uso ule wiki tatu ni nesi, na nesi hakuwa na jani. Alikuwa na tembo.

Basi jibu langu kwa swali lenu ni hapana, si ushahidi wa sayansi, na asifundishwe mtoto hivyo darasani. Ila msiniulize kama zina faida kwa tabibu, maana hapo nitasema ndiyo, angalau kwa wodi ile moja niliyoiona.

Mama yupo, kovu la paji limefifia. Wajukuu wakimuuliza limetoka wapi, huwahadithia Ganesha mpaka mwisho. Habari ya jani nawaongezea mimi.