Shamba la shule lilikuwa la nini?

Ndugu uliyeuliza kama shamba la shule lilikuwa adhabu tu: hapana, ilikuwa sera. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa sera ulioitwa Elimu ya Kujitegemea. Shule za mkoloni ziliandaa makarani wachache, ilhali watoto wengi waliishia shule ya msingi wakarudi kijijini kulima. Kwa hiyo alitaka shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kuamua walime nini na mapato yatumikeje.

Hapo kwenye kuamua ndipo ilipoharibika, na inaniuma. Shule nyingi zilibakiza jembe tu: mtoto anapalilia mahindi, hesabu ya mauzo haioni, na aliyechelewa kuhesabiwa namba asubuhi anaongezewa matuta ya kulima.